Shaba Uchi Kwenye Wodi ya Wanawake

Khemais bin Tijani,
Fundi wa Kutia Bati,
Soko la Shaba, Kairawan.
Wiki ya mwisho ya Shaabani.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Kairawan.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: SHABA UCHI KWENYE WODI YA MIFUPA YA WANAWAKE

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umekwisha kunywa kahawa yako, maana haifai kusomwa na mtu ambaye hajatulia. Mimi mwenyewe sijatulia. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu haikuwa na adabu. Hii nina hakika nayo.

Huenda hunijui kwa sura, lakini umekula kwenye kazi yangu. Kama mama yako ni wa mji huu, basi chungu cha kuskusi mlichopikiwa utotoni kilitiwa bati na marehemu baba yangu, au na mimi. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, kina mama wa Kairawan hushusha shaba zao rafuni, sinia, sufuria na vyungu, wakaniletea dukani. Nazisugua, nazipasha kwenye makaa, nazipaka bati likiwa limeyeyuka, nazifuta kwa pamba mpaka ndani kunakuwa kweupe. Hapo tena mtu anaweza kupika chakula cha futari bila kuogopa kuua familia yake. Ndiyo kazi yangu, na sijawahi kuionea haya.

Mke wangu, Shedlia, ameletwa kwenu kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Alipanda kigoda kushusha chungu kikubwa cha mama yake ili nikitie bati. Nilimwambia angoje nimalize kuswali. Akanijibu, "Nikikungoja wewe, Khemais, Ramadhani itaisha na Idi itapita." Akaanguka na chungu amekikumbatia. Nyonga ikavunjika, chungu hakikupata hata mkwaruzo. Mlimpasua, mkamtia chuma, na siku za mwanzo aliendelea vizuri. Kwa hilo nawashukuru sana. Malalamiko yangu si juu ya upasuaji, ni juu ya mambo haya yafuatayo.

1. Siku ya kwanza ya kuingia wodini nilisimama mlangoni nikapigwa na butwaa. Vyuma vya pembeni mwa vitanda ni shaba. Kitasa cha mlango ni shaba. Meza ya kulia, nguzo ya kutundikia dripu, mpaka swichi ya taa, vyote shaba nyekundu, na hakuna hata kimoja kilichotiwa bati! Shaba uchi kabisa, ndani ya wodi ya wanawake, na wagonjwa wanaishika mchana kutwa, kisha mkono ule ule unamega mkate.

Mheshimiwa, mtoto wa Kairawan hulijua jambo hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu: shaba isiyo na bati ni sumu. Hujasahau, naamini, harusi ya mtoto wa Haji Buraui. Kwa ubahili wake aliazima chungu kilichokwisha bati. Wageni walitapika, wapiga zumari walitapika na zumari zao mikononi, na bibi harusi akaingia nyumba mpya na mama mkwe peke yake, kwa sababu bwana harusi alikuwa kwenu, kwenye wodi ya wanaume, ametundikiwa dripu. Watu wa mji huu wakaapa kutorudia. Sasa hospitali, ambayo ndiyo iliyowapokea wale wote, ndiyo inayoweka shaba uchi. Niambie nicheke au nilie.

2. Shaba yenyewe ni chafu kwa macho. Imebadilika rangi kama chai iliyolala. Kila mtu aliyeishika ameacha alama za vidole vyake. Kwenye kitanda cha dirishani, jirani na mke wangu, analala Lella Mabruka, mama wa watu mwenye heshima zake, ambaye nyumbani kwake unaweza kujitazama kwenye sinia ukanyoa ndevu. Vyuma vya kitanda chake vimekuwa vyeusi kiasi kwamba wakwe zake walipokuja kumtazama alivifunika kwa mtandio. Shemeji yangu, kwa huruma, alikuja na limao na chumvi ili avisugue. Mfanyakazi wa usafi akamnyang'anya limao. "Acha, dada," akamwambia, "daktari kasema weusi hauna neno, tunafuta kwa kitambaa na sabuni yetu, basi." Weusi hauna neno! Katika mji huu mwanamke anaweza kusamehewa mambo mengi, lakini si shaba nyeusi wiki ya mwisho ya Shaabani.

3. Nilimfuata mhusika, Dokta Neila, yule binti mwenye miwani anayesimamia wodi. Sitaki kumsema vibaya. Ana adabu, na baba yake namfahamu. Lakini nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka ili uamue mwenyewe.

"Ami Khemais," akaniambia, "tumeiacha hivyo makusudi. Vidonda vya upasuaji vilikuwa vinaoza humu humu hospitalini. Mtu anakuja na mguu, anaondoka na ugonjwa wetu. Vijidudu vikitua kwenye plastiki vinakaa siku nyingi vinangoja mkono wa kupanda. Vikitua kwenye shaba tupu, vinakufa."

"Vinakufa kwa nini?"

"Kwa sababu shaba ni sumu kwao."

Nikawageukia wanawake wote wodini. "Mmesikia? Daktari mwenyewe kasema ni sumu!"

"Kwao, Ami! Kwao, si kwenu!"

"Na hiyo sumu inajuaje huyu ni kijidudu na huyu ni Shedlia?"

Wodi nzima ikacheka. Dokta naye akacheka, kisha akanieleza upya, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kituo cha basi. Kwamba habari ya chungu ni kweli, chakula chenye nyanya na limao kikichemka ndani ya shaba hulamba sumu yake, lakini mkono wa mtu hauchemki. Kwamba kitu chochote kikiifunika shaba, kiwe rangi, kiwe nta, kazi yake inakwisha. Nikamuuliza kama bati nalo ni la kufunika. Akasema, "Bati hasa, Ami." Nikaona sasa tunatukanana.

Hapo ndipo Shedlia alipotia neno lake toka kitandani. "Mwache, binti yangu. Huyu angeweza, angenitia bati hata mimi." Wakacheka tena, na mimi nikacheka, maana ni kweli. Nikaapa palepale, kiapo cha haramu, mbele yao wote, kwamba mke wangu hatalala kwenye shaba uchi mimi nikiwa hai. Kiapo hicho, Mheshimiwa, unakijua uzito wake. Mtu wa huku akishakitamka, amejifunga; akikivunja, mkewe ni haramu kwake.

4. Nalalamikia ulinzi wa hospitali yako, ambao ni wa kusikitisha. Mlinzi wa getini, Munji, hupekua kila kapu linaloingia. Makrudi za mke wangu, vijikeki tu vya tende, amezipekua mpaka tende za ndani zikamjua. Lakini kinachotoka hakitazami! Nilifungua vyuma vya pembeni vya kitanda cha Shedlia kwa bisibisi yangu, wakati wa kuwaona wagonjwa, watu wakiwa wanagombania viti. Nikavitia ndani ya joho langu, lile baranusi la sufi, kimoja kila upande, nikatoka navyo nikichechemea kwa sababu miguu ilikataa kukunjika.

"Ami, miguu imepatwa na nini tena?" akaniuliza Munji.

"Baridi yabisi, mwanangu."

"Mungu akuponye." Akanifungulia geti lote, mabawa mawili.

Kesho yake nikavirudisha kwa njia ile ile, vikiwa vimetiwa bati kwa mikono yangu, bati safi ambalo huwa naliweka kwa ajili ya vyombo vya mabinti wanaoolewa. Munji akanionea huruma kwamba bado nachechemea. Meza ya kulia ya Shedlia nayo niliitoa na kuirudisha, mara hii nikiwa nimeibeba kichwani waziwazi, na aliyenisaidia kushuka nayo ngazi ni muuguzi wenu. Je, kama ningekuwa mwizi? Naomba mtu yule achukuliwe hatua, ila asifukuzwe, ana watoto wadogo.

5. Sasa kitanda cha mke wangu kikawa kitanda cha watu. Kinameremeta. Wageni wa wagonjwa wengine walikuwa wanakuja kukitazama. Shedlia alijiona kwenye chuma cha pembeni akaniambia, "Umenitengenezea kioo ili nione nilivyozeeka?" Lakini najua alifurahi, kwa sababu alikuwa anakishikashika na kukifuta kwa ncha ya shuka. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa kushiba.

Haikupita wiki, kidonda chake kikawa chekundu. Kikavimba. Homa ikampanda. Dokta Neila akakifungua, akakisafisha, akambadilishia dawa, akarudi tena akambadilishia nyingine. Na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa: katika wodi nzima, yenye vitanda vile vyote vyeusi vya aibu, aliyeugua kidonda ni mke wangu peke yake! Mwenye kitanda kisafi! Lella Mabruka, mwenye vyuma vya kufunikwa kwa mtandio, kidonda chake kimekauka na anakula kama bibi harusi. Haki iko wapi?

Nimefikiri sana na jibu nimelipata. Ni husuda. Kitanda kimoja tu kikingʼaa, macho yote yanatua hapo. Nilifunga kiganja cha fedha na mkia wa samaki, kinga za jicho baya, kwenye nguzo ya dripu, muuguzi akautupa mkia wa samaki kwa madai kwamba unanuka. Kwa hiyo naomba vitanda vyote vya wodi vitiwe bati, ili macho ya watu yagawanyike sawasawa na asiumie mmoja. Nitaifanya kazi hii mwenyewe, kwa sadaka, kabla mwezi haujaandama.

6. Likaja jambo la vijiti. Kijana wa maabara alipita na vijiti vyenye pamba akavipangusa kwenye vitanda vyote, akaenda kuvitazama huko kwenye mitambo yao. Majibu yaliporudi Dokta Neila alikuja amekunja uso. Akasema vitanda vingine vina vijidudu vichache vya kuhesabika, ila cha Shedlia kina mji mzima, na ni vile vile vilivyomo kwenye kidonda chake.

"Nani amebadilisha vyuma vya hiki kitanda?" akauliza.

Nilinyamaza kwa unyenyekevu tu, kwa sababu fundi mzuri hajisifu.

Lakini nakuuliza wewe, mtu wa makamo mwenye busara: kuna ajabu gani hapo? Mgeni akija Kairawan akaona nyumba mbili, moja nyeusi kwa moshi na moja iliyopakwa chokaa, atabisha hodi wapi? Vijidudu navyo vimechagua pazuri. Hilo linathibitisha ubora wa kazi yangu. Tatizo ni kwamba hospitali haikuviandalia mahali pengine pazuri, na dawa yake ni ile ile niliyokwisha kuitaja, tieni bati vitanda vyote, na vitasa, na swichi, na kitasa cha ofisi yako, ili visijazane kwa mke wangu peke yake.

7. Na sasa Dokta Neila anataka kumhamisha. Hili ndilo lililonikalisha chini niandike. Lella Mabruka anakaribia kuruhusiwa, na dokta anasema kitanda chake cha dirishani kikiwa wazi tu, Shedlia apelekwe hapo. Anasema vyuma vipya vya kitanda cha sasa vitatoka Tunis baada ya Idi, na kwamba hawezi kungoja baada ya Idi.

Yaani mke wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa palipo na upepo, ambaye hufunga madirisha yote kwanza ndipo afungue mlango, alazwe dirishani! Tena kwenye vyuma vile vyeusi! Nilisimama mbele ya kitanda nikatandaza baranusi langu.

"Ami, nakuomba," dokta akasema. "Sikuombi kwa sababu ya ubishi wetu. Dawa naongeza, lakini namrudisha kwenye vijidudu vile vile kila anapoweka mkono."

"Nimeapa, binti yangu. Kiapo cha haramu."

"Basi tumuulize mwenyewe. Lella Shedlia, uhame au usihame?"

Shedlia alifumbua macho. Midomo ilikuwa imekauka. Akasema, "Muulizeni Khemais. Mambo ya shaba anayajua yeye."

Dokta akaniangalia mimi. Wodi nzima ikaniangalia. Nikasema hahami.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka uliyo nayo, umkataze Dokta Neila kumgusa mke wangu kwa jambo hili la kitanda. Umwambie kwamba mtu mwenye miaka yangu kwenye shaba hafundishwi shaba. Baba yangu alikufa na weusi wa makaa kwenye kucha zake, na babu yangu vivyo hivyo, na hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuugua kwa sababu ya kitu walichokitia bati. Hakuna hata mmoja. Hilo nakuomba ulitafakari. Mimi nimelitafakari, na bado nalitafakari.

Mheshimiwa, sikufichi, naogopa. Nyumba haina mtu wa kunisema. Natia sukari kwenye chai mara mbili na hakuna anayenikemea. Chungu cha mama yake kipo pale pale dukani, sijakigusa. Sijui nikitie bati ili apikie nani.

Nasubiri uamuzi wako wa haki. Nisalimie familia yako yote, na mama yako mzazi, na umwambie sinia lake liko tayari, alipitie. Nisalimie pia wauguzi wa zamu ya asubuhi, waliompa mke wangu mto wa pili bila kuombwa. Munji nitamsalimu mwenyewe getini.

Wako mtiifu na mwenye kulalamika,
Khemais bin Tijani
Fundi wa Kutia Bati

Nyongeza, nyuma ya karatasi:

Nimekuja kuileta barua hii na nimepitia wodini kwanza. Lella Mabruka ameruhusiwa. Nimempita kwenye korido anatembea kwa fimbo yake, mtandio wake ameufunga kichwani, akaniambia, "Ami Khemais, kitanda changu kile kimenitia aibu mpaka siku ya mwisho, lakini tazama, naenda kwangu kwa miguu yangu."

Shedlia nimemkuta ameshika kile chuma changu cheupe. Amekishika kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia kitu asianguke. Nilikuwa nimevaa baranusi kwa haraka, ndani nje, mshono wote uko hadharani. Amenitazama muda mrefu, na hakunitania.

Kwa hiyo naomba uachane na namba saba. Na namba tano na sita, achana nazo. Kitanda cha dirishani kiko wazi na sijakigusa, naapa, hakina tone la bati. Weusi wake wote upo, na alama za vidole zote zipo. Amuru ahamishwe leo, sasa hivi, kabla hujaipeleka barua kwenye faili. Ukiamuru wewe, mimi sijavunja kiapo. Na kama nimekivunja, kafara nitaifunga baada ya Idi. Meza ya kulia nimeshaiteremsha mwenyewe, nimeikwangua hapa kwenye benchi la nje kwa kisu, na imeanza kuonyesha wekundu. Vyuma vya kitanda nitavikwangua pia, Munji kanikopesha msasa na hajaniuliza wa nini.

Ila Dokta Neila asijue kwamba ni mimi niliyeomba. Akiuliza, mwambie Shedlia ameutaka mwenyewe upepo wa dirishani.